Madirisha Mia Mbili na Kumi na Sita

Kitendawili. Nina nyumba yenye madirisha mia mbili na kumi na sita, yote yamepakwa rangi, na ukibisha hodi hakuna hata mmoja anayeitika. Fikirini taratibu. Jibu nitalitoa, lakini kwanza niwapeleke mtaani kwetu Mizushita, mwanzoni mwa Desemba, theluji ikiwa bado iko juu mlimani inatuchungulia.

Nyumba zetu ni tisa, zimepangana kwenye mteremko mmoja, na mbele ya zote unapita mfereji. Theluji ya kwetu haina adabu. Huanguka usiku mmoja ikakufika kifuani, na huwezi kuisukumia kwa jirani kwa sababu jirani naye anayo yake. Kwa hiyo tunaitupa mferejini, maji yanaichukua mpaka mtoni. Ila mfereji ni mwembamba. Wote tukitupa kwa pamoja unakabwa koo, maji yanapanda na kuingia ndani kwa watu. Ndiyo maana tuna zamu: nyumba tatu za juu saa yao, tatu za kati saa yao, tatu za chini saa yao. Saa zenyewe hubadilika kila wiki, kwa kuwa maji tunagawana na mitaa mingine. Na kila mwaka nyumba moja hutoa mkuu wa zamu. Huyo ndiye anayepanda mpaka kwenye lango la mfereji, anainua ubao, maji yanashuka, na kila kundi likimaliza anapiga kengele ili kundi jingine lianze.

Cheo hicho hakina mshahara. Unaamka alfajiri, pua inaganda, na mtu akikosea unalaumiwa wewe. Lakini kinazunguka nyumba kwa nyumba, na nyumba ambayo haijawahi kukishika ni kama mgeni anayekula kila siku bila kuruhusiwa kuosha sahani.

Nyumba ya namna hiyo ilikuwa moja tu, inayopakana na yangu: nyumba ya Kuwabara Natsuko.

Natsuko ana miaka hamsini na sita. Macho yake yalizimika angali msichana wa shule. Kazi yake ni kukanda watu na kuwachoma sindano nyembamba za tiba ya jadi, katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na nusu ya migongo ya mji huu anaijua kuliko wenyewe. Amekaa nasi miaka kumi na tisa. Mara mbili zamu ilitoka kwangu kwenda kwake, na mara mbili tulimruka. Hatukumruka kwa ubaya. Tulisema, "Tusimsumbue." Mimi mwenyewe nilisema, tena kwa sauti.

Mwaka huu zamu ilipotoka tena kwangu, Natsuko alikuja kwenye kikao cha Novemba na bakuli la figili alizozichachusha mwenyewe. Akaliweka katikati ya meza, akakaa, akasema, "Naombeni kitu kimoja tu. Msiniruke."

Watu wakatazamana. Aliyejibu alikuwa Honma Kosaku, muuza tofu, vile vipande vyeupe laini vya maharage ya soya, nyumba ya mwisho kabisa kule chini. Honma ana sauti ya koleo likikwaruza jiwe, na siku hiyo alikuwa na sababu ya kuikwaruza. Februari iliyopita mfereji ulikabwa mbele ya duka lake, maji yakaingia, maharage yaliyolowekwa yakaelea mpaka barabarani. Mkuu wa zamu alikuwa nani? Nilikuwa mimi. Tangu siku hiyo nilikuwa nazunguka njia ya mbali, mguu unaniuma, kwenda kununua tofu ya duka kubwa, kwa aibu tu ya kupita mlangoni kwake.

"Jamani," alisema Honma, "Bibi Mitsue mwenye macho mawili aliniogeshea tofu. Sasa asiye na jicho hata moja si atanizamisha mimi mwenyewe?"

Wengine wakacheka. Mimi nikaangalia ndani ya kikombe changu.

"Tofu hukaa majini siku zote, Bwana Honma," alijibu Natsuko. "Yako ilitoka tu kutembea."

Hapo kicheko kikageuka upande. Hata Honma alikaribia kucheka, ila akajizuia akaweka sharti. Jumapili ya kwanza ya Desemba, kwenye kikao cha kukabidhiana, mkuu mpya atatutajia saa za wiki ya kwanza. Akitaja, sawa. Akishindwa, zamu iende nyumba inayofuata. "Na asome mwenyewe," akaongeza. "Sio asomewe."

"Hilohilo ndilo ninalolitaka," alisema Natsuko.

Nyumba inayofuata, maana yake ni kumruka mara ya tatu. Na baada ya hapo zamu haimfikii mpaka miaka minane ipite, akiwa na sitini na nne. Mimi sitakuwepo kusema wala kunyamaza.

Saa za mfereji huandaliwa na katibu wetu, Mzee Igarashi Teizo, nyumba ya kwanza juu. Ana miaka sabini na saba. Alifanya kazi ya kuchora madaraja, na mikono yake bado inachora. Zamani alituandikia saa kwa maneno kwenye karatasi, ikapita nyumba kwa nyumba juu ya ubao mdogo wa matangazo unaobebwa mkononi, kila mtu akagonga mhuri wake kuonyesha ameona. Mwaka jana akajifunza kompyuta na akaanza kututumia jedwali kwenye simu. Ofisi nyingi za kwetu huandika mambo yao kwa namna hiyohiyo: mtu anafungua programu ya mahesabu, anabana visanduku vyake mpaka vinakuwa vidogo kama vya daftari la hesabu, kisha anachora ndani yake chochote atakacho, fomu, ratiba, hata ramani. Igarashi alikuwa bingwa wa jambo hilo. Kila siku ukurasa wake: nyumba tisa kwenda chini, robo saa ishirini na nne kwenda kulia. Nyumba za juu nyekundu, za kati njano, za chini kijani, bila jina hata moja pembeni. Lilipendeza kama kitambaa cha kimono cha sherehe. Nililiweka kwenye simu yangu nikawa nalitazama hata siku zisizo na theluji.

Jumatatu jedwali la wiki ya kwanza likaja. Nilikuwa kwa Natsuko, miguu yangu chini ya meza yake yenye kipasha joto. Akalifungua kwenye kompyuta. Kompyuta yake humsomea kwa sauti ya mwanamke asiye na haraka wala huruma.

"Tupu," ilisema kompyuta. Natsuko akabonyeza. "Tupu." Akabonyeza. "Tupu. Tupu. Tupu. Tupu."

Vidole vyake vikaenda mbio. Tupu zikamwagika kama maharage ya Honma.

"Bibi, kuna nini hapo?"

Nikavaa miwani. "Kuna rangi, mwanangu. Nyekundu, njano, kijani. Nzuri kweli."

"Na saa?"

"Saa ndiyo hizo rangi."

Akaondoa vidole kwenye kompyuta. Nanyi mmekwisha kulipata jibu la kitendawili changu: ni jedwali, ukurasa wa siku moja. Tisa mara ishirini na nne. Nilihesabu baadaye kwa kidole.

"Basi nikusomee," nikasema. "Wewe andika kwa nukta nundu zako, tumalize."

"Bibi, umenisomea miaka kumi na tisa. Matangazo ya mtaa, bili ya gesi, hata barua ya yule mchumba wangu wa Nagaoka ulinisomea wewe."

"Ile nilisoma nusu tu. Hakuwa mtu yule."

"Najua. Nilisikia unavyoruka mistari." Akacheka, kisha akaacha. "Ukinisomea na hili, mkuu wa zamu ni wewe. Mimi nitakuwa mkono wa kupigia kengele. Na wiki ijayo linakuja jingine, na la wiki ya tatu, na siku ukiwa na homa je?"

Nikanywa chai yangu. Ilinichoma kidogo, si chai, yale maneno. Maana miaka yote nilidhani namsaidia, na kweli nilimsaidia, lakini sikuwahi kumuuliza kama angependa kitu kingine.

Natsuko akamwandikia Igarashi: jedwali halisomeki kwangu, naomba unisaidie. Igarashi ni muungwana. Jumatano akatuma jipya. Amekuza herufi zote za juu zikawa kama za bango la bafu la umma, na rangi amezikoleza. Tupu, ikasema kompyuta. Tupu, tupu. Natsuko akamshukuru, akamwandikia tena. Alhamisi Igarashi akafikiri shida ni kwamba jedwali halijakamilika kiofisi. Akalichapisha kwenye karatasi, akatembea na baridi ile mpaka kwa mwenyekiti wa mitaa yote, likagongwa mhuri mwekundu, akarudi nyumbani akalipiga skana, akalituma. Safari hii kompyuta haikusema hata tupu.

"Picha," ilisema. Basi.

Natsuko alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu nikaona hacheki tena, ameweka viganja vyote viwili juu ya meza kama mtu anayezuia meza isiondoke. "Zimebaki siku tatu, Bibi," akasema.

Nikachukua fimbo yangu, nikapanda kwa Igarashi. Nikamkuta mlangoni anavaa viatu kwa mkono mmoja, bega la kulia limemkaza tangu vuli.

"Mzee Igarashi, lile jedwali..."

"Bibi Mitsue, usinianze. Nimemfanyia kubwa. Nimemfanyia la mhuri. Anataka sasa nimwimbie?"

"Labda."

"Mistari ile nimeipima! Nusu milimita! Kuna ofisi za serikali hazina jedwali safi kama lile."

"Ni zuri, nani amekataa?"

"Basi tatizo liko kwenye mashine yake." Akavuta pumzi, akashika bega. "Kesho nina miadi kwake. Nitamweleza mwenyewe, kwa upole."

Ijumaa alikuja. Mimi nilikuwa pale kwenye kona nasubiri kukandwa magoti, kwa hiyo nilichokiona nimekiona, sikusimuliwa.

Kitanda cha Natsuko kina tundu upande wa kichwa. Unalala kifudifudi, uso unaingia kwenye tundu, na unachokiona ni mkeka tu na vidole vya miguu vya Natsuko ndani ya soksi. Igarashi akalala. Kwenye kitanda kile humwita Natsuko "Mwalimu", kama tunavyowaita wote wenye kazi hiyo. Kwenye vikao humwita Bi Kuwabara.

"Aah. Hapo hapo, Mwalimu."

"Pamekuwa jiwe hapa, Mzee. Umekaa sana mbele ya kompyuta."

"Kwa ajili yako!"

"Najua. Vumilia kidogo." Kwa mkono mmoja akaendelea kukanda, kwa mwingine akagusa simu yake juu ya rafu.

"Tupu," ilisema simu. "Tupu. Tupu. Tupu."

Igarashi akasikiliza kwa muda. "Mwalimu, redio yako imeharibika."

"Sio redio."

"Tupu. Tupu. Tupu. Tupu. Tupu."

"Nini basi? Zima, inatia usingizi mbaya."

"Ni jedwali lako, Mzee. La Jumatatu. Sasa iko nyumba ya pili, saa moja na nusu asubuhi. Niiache iendelee?"

Sikuona uso wake, ulikuwa kwenye tundu. Niliona mgongo. Mgongo wa mtu husema mambo. Ule ulikuwa umelegea kama mkate uliochovywa, ghafla ukakauka.

Hakusema zima. Alisema, "Iache." Na Natsuko akaiacha, akakanda bega polepole, na mashine ikahesabu nyumba yetu ile isiyo na watu, dirisha kwa dirisha. Ilipofika nyumba ya tano Igarashi akauliza, sauti ikitoka sakafuni, "Na lile la mhuri?"

Natsuko akagusa. "Picha," ilisema simu, ikanyamaza.

"Imekwisha?"

"Imekwisha."

"Nilitembea nusu saa kwa ajili ya mhuri ule," alisema Igarashi. Hakuna aliyecheka. Mimi nilitaka, nikajiziba mdomo kwa leso.

Akainuka, akakaa ukingoni mwa kitanda, nywele zimesimama upande mmoja, alama ya tundu imemzunguka uso kama sahani. Nikajua anatafuta namna ya kujitetea, maana sisi wazee wote tuna kabati lililojaa namna hizo. Lakini aliuliza swali, nami kwa swali lile nilimsamehe ukaidi wote wa miaka yake.

"Mwalimu, wewe ungetaka lianzeje?"

Natsuko alikuwa anafuta mikono kwa taulo. Akaacha kufuta. "Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo," akasema. "Ngoja nifikiri vizuri."

Magoti yangu hayakukandwa siku ile.

Walikaa meza moja, Igarashi na kompyuta yake, Natsuko na yake, nami na birika. Mtu akisema kazi ile ni ya kubonyeza vitufe tu, aje aniulize mimi. Kwanza rangi zikapewa maneno: kila kundi jina lake, kila saa imeandikwa kwa maandishi. Igarashi aliomba rangi zibaki. "Zibaki," alisema Natsuko, "mimi hazinidhuru. Ila zisifanye kazi peke yake." Visanduku mia mbili na kumi na sita vya kila siku vikaondoka. Likabaki jedwali fupi lenye safu za kweli na majina ya safu juu yake, ili kompyuta ikifika kwenye saa iseme pia ni saa ya nani.

Kisha vichwa vya habari. Igarashi aliandika "Jumatatu" kwa herufi kubwa nyeusi, akajiegemeza nyuma.

"Kichwa kiko wapi?" aliuliza Natsuko.

"Hiki hapa, kinene kabisa!"

"Umekinenepesha tu, Mzee. Mashine haioni unene. Iambie kwamba hiki ni kichwa. Kuna mahali pa kuiambia."

Alitafuta mahali hapo, akapapata, akapachagua. Natsuko akabonyeza kitufe kimoja, na sauti ikaruka: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, kama mtoto anayeruka mawe ya kuvukia kijito. Igarashi akamwomba arudie. Akarudia. Nawaambia, yule mzee amechora madaraja ya magari, lakini uso wake siku hiyo sijui kama aliwahi kuwa nao siku ya kufungua daraja lolote.

Palipozuka ugomvi ni kwenye mhuri. Igarashi alisema karatasi isiyo na mhuri wa mwenyekiti si karatasi. Natsuko alisema karatasi yenye mhuri kwake ni picha. Wakavutana mpaka chai ya pili. Mwishowe mimi nikasema, "Si muwe na zote mbili? Yenye mhuri ikae kwenye ubao wa matangazo ipite nyumba kwa nyumba, ya maneno iende kwenye simu." Wakasema kwa pamoja kwamba hilo walikuwa karibu kulifikiria.

Jumamosi ikabaki picha moja, mchoro wa mfereji na lango lake. Picha lazima ipewe maneno, Natsuko alieleza, ili asiyeiona aambiwe iliyomo. Igarashi akakaa mbele ya mchoro wake mwenyewe. "Nimechora miaka arobaini ili nisiseme," akalalamika.

"Nipe mimi," nikasema. Shule yangu iliishia darasa la sita, lakini vitendawili nimetega tangu hapo, na kitendawili ni nini kama si kumweleza mtu kitu ambacho hakioni? Nikavuta karatasi, nikaandika, nikawasomea: "Nyoka mweupe ashukaye mlimani akilamba vizingiti tisa, mdomoni kashika ubao, mkiani kashika mto."

Igarashi alipiga makofi. Natsuko akatabasamu vile anavyotabasamu akikutana na mfupa uliokaa upande.

"Bibi, ni tamu sana. Lakini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, theluji inanipiga usoni, nataka kujua ubao uko wapi. Sio nyoka."

Nikafuta nyoka wangu. Iliniuma kidogo kumwacha. Katika kitendawili unasema yote ila jina, unamwacha mtu ahangaike. Hapa jina linatangulia, na kuhangaika kunaondoka. Nikatoka nje na fimbo, nikapanda mpaka langoni, nikahesabu hatua, nikarudi nikahesabu tena. Tuliandika hivi: "Mchoro wa mfereji na lango. Lango liko juu ya nyumba ya Igarashi, hatua ishirini na mbili kutoka kona ya ukuta wake, upande wa kushoto unapopanda. Mpini wa ubao uko usawa wa kiuno. Kengele inaning'inia kulia kwa mpini."

Natsuko akasikiliza mara moja. Akanyoosha mkono hewani, pale pale ambapo mpini ungekuwa. "Nimeupata," akasema.

Mliowahi kuandika kitu mtu akakitumia, mnajua nilivyojisikia.

Kabla ya kuondoka Igarashi alisimama mlangoni, akarudi. "Mwalimu, naomba nilale tena."

"Bega?"

"Bega limepona. Nataka kusikia."

Akalala kifudifudi, uso kwenye tundu, koti lake mwilini, na akasikiliza kazi yake toka kichwa cha kwanza mpaka hatua ya ishirini na mbili. Mara moja tu aliinua mkono. "Hapo, Jumatano, nimerudia neno." Akainuka akaenda kulifuta.

Jumapili tukakusanyika, nyumba zote tisa, birika linachemka. Natsuko amekaa mahali pa mkuu wa zamu, simu mkononi, kifaa kidogo sikioni. Igarashi amekaa wima kama baba siku ya mtihani wa mwanawe. Honma alikuwa na simu yake, na ndani ya simu, nikaona, lile jedwali la Jumatatu, lenye rangi.

"Haya," alisema Honma. "Tuanze na mimi. Jumanne asubuhi, nyumba yangu."

Kidole cha Natsuko kikagusa, kikagusa tena. Hazikupita hata pumzi mbili. "Jumanne asubuhi. Nyumba za chini. Saa mbili kamili mpaka saa mbili na nusu."

Honma akapiga paja. "Hapana! Nilisema mimi! Jumanne naanza saa moja. Rangi yangu hii hapa, saa moja."

Nikamtazama Igarashi. Alikuwa ameinama juu ya simu ya Honma.

"Honma, hiyo ni nyekundu. Nyekundu ni sisi wa juu. Wewe ni kijani."

"Ndiyo hiyo, kijani."

"Kijani hii huku, saa mbili."

Honma akatazama. Akasogeza simu karibu, akaisogeza mbali. "Ipi?" akauliza.

Mke wa Honma, ambaye huwa hasemi kwenye vikao, alisema taratibu, "Baba, na soksi zako nazo."

"Soksi zangu zina nini?"

"Kila siku mguu mmoja mwekundu, mmoja wa kijani. Nilidhani ni ukaidi."

Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka Honma mwenyewe alipovua kitambaa chake cha kichwa akajipangusa. "Kwangu zote mbili ni majani makavu," alisema. "Siku zote. Nilidhani ni ubovu wa macho yangu tu, nikaona haya kuuliza."

Natsuko hakumrukia. Angeweza; mimi ningeweza. Aliuliza kwa sauti ileile anayoulizia mahali panapouma: "Bwana Honma, ile asubuhi ya Februari, ulitupa theluji saa ngapi?"

Honma akahesabu kwa vidole. Halafu akanigeukia mimi, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. "Bibi Mitsue. Wa juu walikuwa wanatupa, nami nikatupa. Nilijifurikisha mwenyewe. Miezi kumi nimekulaumu bure."

"Rangi ni zangu," alisema Igarashi, naye akainama. Wazee wawili wameinama, mimi katikati kama sanamu ya hekaluni, sijui niweke wapi mikono.

"Inukeni," nikasema. "Kesho nitakuja kununua tofu. Mguu wangu umechoka na duka kubwa."

"Utachukua bure mpaka masika!"

"Nitachukua bure mara moja. Siku ya pili nitadai ipunguzwe chumvi."

Hapo ndipo tulipocheka. Honma akavaa kitambaa chake, akatafuta kalamu. "Basi mkuu wa zamu aendelee. Jumatano. Polepole, Mkuu, naandika."

Natsuko akasoma wiki nzima, nyumba kwa nyumba, na hakuna aliyemkatiza. Ubao wa matangazo ulipofika mbele yake akatoa mhuri wake, akapapasa kishimo kidogo cha ubavuni kinachoonyesha upande wa juu, akaugonga kwenye kisanduku cha mkuu wa zamu. Ulikaa wima kuliko wangu wa miaka yote mitatu niliyoshika kazi ile.

Theluji ilishuka usiku wa kuamkia Jumanne. Asubuhi nilimsikia Natsuko akipita mbele ya dirisha langu, fimbo yake ikigonga ukingo wa mfereji, midomo ikihesabu. Kisha ubao ukalia, na maji yakaja. Akina Igarashi wakatupa yao. Saa ikaenda. Igarashi alimaliza mapema, akateremka mpaka kwangu na theluji kofiani, simu mkononi, akasimama kama mtu anayesubiri barua.

"Nimemtumia jedwali la wiki ya pili," akasema. "Tangu jana jioni. Ameshalirudisha mara mbili."

"Lina nini?"

"Kila mara anapata kitu." Alisema hivyo kwa kujivuna, nawaambia, kama bibi harusi anayelalamikia uzito wa vito. Simu ikatetemeka. Akavua glavu kwa meno, akasoma, uso ukamfunguka. "Mara ya tatu! Anasema kichwa cha Ijumaa ni unene mtupu."

Akageuka, akaanza kupanda mbio mbio kwenda kukirekebisha, yeye na miaka yake sabini na saba, akiteleza na kushika ukuta. Kule juu kengele ikalia. Ilikuwa zamu yetu wa kati. Nikafunua kifuniko cha mfereji, nikachukua koleo.